Kiingereza cha Kuombea Maji na Kiingereza cha Kuombea Kazi

 

Leo kona hii inaweka kando maswali ya wachumba na mawifi. Kuna swali limekuwa likinijia kwa sura nyingi, na kila nikilisogeza linarudi: "Dada, bila Kiingereza mtu anatoka kweli kimaisha?" Analiuliza mhitimu wa chuo, analiuliza mpagazi wa mlimani, analiuliza mama anayepunguza unga wa nyumbani ili alipe ada. Nitawajibu hapa hapa, ila kila mmoja na lake, maana hali zenu hazifanani.

Nianze na binti wa Iringa, mwenye stashahada ya uhasibu. Aliitwa kwenye usaili wa shirika moja, akaazima blauzi, akafika kabla ya muda. Jopo likamwambia kwa Kiingereza ajieleze. Anaandika: "Nilitaja jina, nikataja nilikozaliwa, kisha nikaganda." Swali la pili lilihusu kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kazi aliyoifanya kwa mikono yake alipokuwa akijitolea kwenye ofisi ya SACCOS. Jibu alikuwa nalo kichwani, likakataa kutoka. Kazi ikaenda kwa kijana ambaye, kwa maneno yake, "anang'ata ung'eng'e kama kazaliwa nao." Sasa anauliza kama aachane na uhasibu akafungue genge.

Usiache uhasibu, mdogo wangu. Genge nalo lina wenyewe.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kiingereza kina nguvu nchini hapa, na nguvu hiyo inashangaza ukizingatia tunavyoishi. Mkutano wa kijiji ni kwa Kiswahili. Bunge linajadili kwa Kiswahili. Pesa ya simu unaituma kwa Kiswahili, unapigwa faini barabarani kwa Kiswahili, unaolewa na kuzikwa kwa Kiswahili. Ukitaka mshahara wa benki, wa mgodini, wa kampuni ya simu au wa shirika la wafadhili, hapo lugha inabadilika mlangoni.

Chukua kazi ya afisa miradi. Asubuhi anakaa chini ya mti na kina mama wa VICOBA, anasikiliza kwa nini marejesho yamechelewa, nani kafiwa, nani mumewe kachukua hela ya mtaji akaenda kunywea. Yote hayo kwa Kiswahili, pengine na Kihehe kidogo. Jioni anafungua kompyuta kuandika taarifa ya mfadhili, na huko Kiswahili hakiingii. Ajira hutolewa kwa kipimo cha jioni. Anayejua kukaa na watu ila hawezi kuandika ile taarifa anaachwa nje. Anayeiandika vizuri, ambaye kina mama wanamwona kama askari wa kodi, anapewa gari na dereva. Kwa maoni yangu huu ni upotevu mkubwa wa watu. Ila kulalamika hakutakupa kazi mwezi ujao, kwa hiyo tuendelee.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya ushauri wowote ni kwamba kuganda kwako hakukuanzia kwenye kile chumba cha usaili. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanahamia Kiingereza. Yule aliyekuwa akinyoosha kidole darasa la saba aeleze mmea unavyojitengenezea chakula, Januari anaingia sekondari mdomo umefungwa. Anachobaki nacho ni kukariri. Anameza noti, anazitapika kwenye mtihani, na swali likigeuzwa kidogo anapotea. Mwalimu naye akiona macho yamemtoka darasa zima anarudi kwenye Kiswahili kueleza, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza, na mtihani unakuja kwa ile lugha ya ubaoni. Miaka minne hivyo, mtu anatoka na cheti bila kuwahi kuongea Kiingereza dakika tano mfululizo mbele ya watu. Halafu siku moja jopo linamwambia ajieleze.

Wakubwa walilijua hili zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba takriban mmoja tu kati ya kumi wa kidato cha nne ndiye aliyefikia kiwango ambacho ungekitarajia kwa mtu anayeanza tu kusoma kwa lugha hiyo. Anayeanza, nasema, naye huyo anamaliza! Na bado wakashauri Kiingereza kiendelee. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyetujengea Kiswahili hiki, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sera ya Elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Toleo la 2023 la sera hiyo hiyo likakiacha Kiingereza sekondari kilipokuwa. Wakati huo wote Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akieleza kitu ambacho walimu wengi wanakijua kimoyomoyo: kufundisha fizikia kwa Kiingereza hakumfundishi mtoto Kiingereza. Lugha inataka kipindi chake na mwalimu anayeijua.

Nimekupitisha huko kote ili uache kujiita kilaza. Umesomeshwa ndani ya mfumo ambao umebishaniwa zaidi ya miaka 40 bila kurekebishwa. Deni lililobaki, kwa bahati mbaya, umeachiwa wewe ulilipe.

Unalilipaje? Wengi wanakimbilia kozi ya miezi mitatu, wanaanza upya na vitenzi vya darasa la tano, na siku ya usaili wanaganda vilevile. Ninayokushauri mimi ni njia nyembamba zaidi. Mhasibu anahitaji Kiingereza cha uhasibu. Chukua kazi ile ya SACCOS uiandike kwanza kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi: ulikuwa unapokea nini asubuhi, unakiandika wapi, tofauti ikitokea unaitafuta vipi, siku moja ulikuta kosa gani na ukalimaliza namna gani. Ukishakuwa na maelezo hayo, ambayo hakuna wa kukubishia kwa sababu uliyafanya mwenyewe, yageuze kwa Kiingereza chepesi. Mtafute mtu akusahihishe. Kisha uyaseme kwa sauti ukipika, ukifua, ukijirekodi kwa simu na kujisikiliza, hata kama sauti yako itakukera (ya kila mtu humkera mwenyewe). Ulimi ni kiungo. Kama hujawahi kuutumia kusema jambo fulani, hautaanzia mbele ya watu watano wenye kalamu.

Jifunze pia maneno ya kujiokoa: kuomba swali lirudiwe, kuomba dakika ya kufikiri, kusema kwamba neno limekupotea lakini jambo unalijua na utalieleza kwa njia nyingine. Wenye Kiingereza chao huyatumia kila siku na hakuna anayewacheka. Na ukiona umekwama kabisa, uliza kwa adabu kama unaweza kujibu sehemu hiyo kwa Kiswahili. Jopo linaweza kukataa. Linaweza pia kukubali, kwa sababu nao wameletwa pale kumtafuta mtu wa kazi, na wengi wao walipita shule zile zile ulizopita wewe. Kilichokuangusha Iringa ni ukimya. Mtu anayechapia akasikika ana uhasibu gani bado anaweza kupewa alama. Aliyenyamaza wanampa za nini?

Halafu barua za maombi. Acheni kudesa mtandaoni, jamani. Zamani ilikuwa "husika na kichwa cha habari hapo juu" kwa kila mtu, siku hizi programu ya kompyuta inakuandikia barua ya Kiingereza cha bwana mkubwa wa London, unaitwa kwenye usaili kwa ajili ya barua hiyo, kisha unaulizwa maana ya aya ya pili. Itumie ikusahihishe, sawa. Ila barua iwe na maneno unayoweza kuyatetea ukiwa umekaa kitini.

Sasa niende Kilimanjaro, maana kijana wa Marangu ameandika barua iliyonipendeza kuliko zote. Ni mpagazi. Anabeba mzigo wa mgeni hadi kambini, kilo zisizozidi 20 kwa mujibu wa taratibu za hifadhi, na juu ya hizo vyake mwenyewe mgongoni. Anaijua njia kuliko baadhi ya waongozaji anaowafuata. Anaona wenzake wakipanda kutoka upagazi kuwa wahudumu wa meza, wapishi, wasaidizi wa mwongozaji, mpaka waongozaji wenye leseni, na anaona kabisa kinachowatenganisha. "Mimi nina Kiingereza cha kuombea maji tu," anasema, "na mlimani maji nayabeba mwenyewe."

Mdogo wangu, kwako wewe sina mjadala: kitafute Kiingereza hata kwa kukopa. Kwako hakihusiani na kujionyesha. Fikiria usiku wa Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari, baridi inakata, mgeni yuko ndani ya hema na saa chache baadaye mnaondoka kuelekea kileleni, kwenye 5,895. Mwongozaji anaingia na kile kipimo kidogo cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Namba peke yake haitoshi. Anamuuliza: kichwa kinauma, kinauma wapi, umekula, umetapika, usingizi ulikuwaje? Mgeni aliyelipa dola nyingi hataki kurudishwa chini, kwa hiyo anasema yuko salama. Mwongozaji mzuri anasikiliza namna anavyolisema. Anayatambua maneno yanayovutika ya mtu ambaye ubongo wake umeanza kuzidiwa, anamtembeza hatua kadhaa aone kama anayumba, kisha anamwambia kwa upole na kwa uthabiti kwamba safari yake imeishia hapa. Mtu anaweza kufa mazungumzo hayo yakikosewa. Hapo Kiingereza ni sehemu ya kazi kama zilivyo buti na kamba.

Shule unayo, tena ya bure. Mgeni anayepanda anataka kuongea, njia ni ndefu, na yeye mwenyewe anahangaika na "pole pole" yake. Mwombe mwongozaji wako akuruhusu utembee karibu na wageni siku ambazo mzigo unaruhusu. Kila safari chagua eneo moja, leo mimea, safari ijayo mwili na maumivu, nyingine chakula. Msimu wa mvua kubwa kazi zikipungua, kaa na mwongozaji mzoefu akuulize maswali kama mgeni mkorofi. Ukiweza baadaye, ongeza Kijerumani au Kifaransa.

Na hilo la lugha nyingine ni kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Tunazungumza kana kwamba mlango ni mmoja. Nenda Kiwengwa, Unguja, usikie vijana wa ufukweni wakipatana bei kwa Kiitaliano kilichonyooka, na darasani hawakukipata. Nenda Kariakoo ukaone mfanyabiashara anayejua Kichina cha kuulizia mzigo Guangzhou anavyomkwepa dalali. Kichina chenyewe kinafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma kupitia Taasisi za Confucius. Kwa kazi hizo, Kiingereza cha miaka minne ya kukariri kingekusaidia kidogo sana.

Kuna na Kiswahili chenyewe. Februari 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, siku chache baada ya Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kuandika hukumu kwa Kiswahili. SADC ilikipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022. Huko kote wanatakiwa wakalimani, wafasiri na wahariri, na wanaopatikana wenye Kiswahili kilichokamilika na Kiingereza kilichokamilika kwa pamoja ni wachache. Wengi wana nusu ya hiki na nusu ya kile. Marehemu Lufufu alijipatia jina nchi nzima kwa kuzitafsiri filamu za Kizungu kwa sauti yake, na watu walijazana kwenye vibanda umiza kumsikiliza yeye kuliko mwigizaji. Lugha mbili, riziki moja. Kwa hiyo binti unayesoma Kiswahili chuoni na kuambiwa umekosa cha kusoma, nyamaza nao, usome, na Kiingereza chako ukipalilie pembeni.

Mama wa Mbagala, nakuja kwako. Mtoto yuko darasa la pili shule ya serikali, ile mnayoiita Saint Kayumba, na jirani zako wote wana watoto wanaochukuliwa na basi la njano. Unataka kuuza kiwanja cha Chanika ili naye ahamie inglishi midiamu.

Dada yangu, kiwanja usiuze. Nitakuwa mkweli, mtoto aliyesoma msingi kwa Kiingereza hupata nafuu akiingia kidato cha kwanza, nisikufiche. Ila basi la njano si ushahidi wa kitu. Kabla ya kulipa hata senti, nenda shuleni ukasimame karibu na darasa la tatu umsikilize mwalimu anavyofundisha. Zipo shule ambazo Kiingereza cha mwalimu mwenyewe kinatia huruma, na mtoto anakibeba hicho hicho hadi utu uzima. Angalia kama watoto wanauliza maswali au wanaitikia kwa pamoja kama kwaya. Kumbuka pia kwamba serikali ina shule zake za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond hapo Dar es Salaam. Nafasi zinagombaniwa, lakini kuulizia hakuna ada. Na hata akibaki hapo alipo, mtoto anayesoma Kiswahili vizuri, anayesimuliwa hadithi na kusimulia, ana pa kuegemea Kiingereza kikija. Mnunulie vitabu vya hadithi vya lugha zote mbili kwa sehemu ya hela ambayo ungeipeleka kwenye sare na michango.

Na wewe usiye Mbagala, unayemkataza mtoto Kiswahili nyumbani ili "asiharibike": Desemba mkienda kijijini, bibi yake atahitaji mkalimani aongee na mjukuu. Nimeyaona. Bibi anacheka kwa aibu kama mwenye kosa ni yeye.

Kuna jambo hakuniuliza mtu, nami nitalisema kwa sababu linawaumiza kimyakimya waliokwisha kupata kazi. Mikataba mingi ya ajira na ya mikopo inaandikwa kwa Kiingereza, nanyi mnasaini kwa furaha ya kupata. Muda wa majaribio, makato, notisi, adhabu ya kuchelewesha rejesho, yote yamo humo. Kuomba siku moja uende nayo nyumbani hakukufanyi uonekane mshamba. Mpelekee anayejua akufafanulie kifungu kwa kifungu. Mwajiri anayekataa uusome mkataba kabla ya kusaini amekuambia mengi tayari, tena kwa lugha unayoielewa.

Namalizia na ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza, maana najua maofisa utumishi mnaisoma kona hii wakati wa chai. Kazi ikihitaji Kiingereza, kipimeni. Msimamizi wa ghala atakayeongea na madereva na makuli kutwa nzima mnampima Kiingereza cha nini? Andikeni kwenye tangazo usaili utafanyika kwa lugha gani, na pale ambapo kazi ni ya Kiswahili, ulizeni kwa Kiswahili. Mtashangaa mlikuwa mnawarudisha nyumbani watu gani.